Betri mpya na ujumbe wa kutisha: je, fundi amekupiga?

*"Nina iPhone 11 niliyoinunua ikiwa imetumika. Mwezi uliopita afya ya betri ilishuka hadi asilimia 76, simu ikawa inazima ghafla hata ikiwa na chaji ya asilimia 30, hasa nikifungua kamera. Fundi wa Kariakoo akaniwekea betri mpya kwa shilingi 65,000. Sasa haizimi tena, ila nikiingia Settings nakuta ujumbe kwamba simu imeshindwa kuthibitisha kuwa betri ni halisi ya Apple. Mke wangu anasema nimepigwa. Shemeji yangu anasema hayo ni makusudi ya kampuni, na kwamba Apple hupunguza kasi ya simu za zamani ili watu wanunue mpya. Fundi mwingine ameniambia kwa 40,000 anauondoa ujumbe huo. Nimkubalie? Nirudishe betri? Au niuze simu nihamie Android ambako hakuna usumbufu huu?"*

Ndugu yangu, usitoe hiyo 40,000 kwanza. Ujumbe unaouona hauthibitishi kwamba umepigwa. Unachokwambia ni kwamba betri hii haijaandikishwa na simu yako. Kama ni nzima au mbovu, hapo ujumbe hausemi kitu. Hayo ni maswali mawili tofauti, na ubishi wote wa nyumbani kwako umetokana na kuyachanganya.

Betri ya iPhone si mfuko wa kemikali peke yake. Juu yake kuna kibao chembamba cha saketi, ambacho mafundi wengi hukiita BMS. Hicho ndicho kinachopima volti, mkondo wa umeme na joto, na kuhesabu mizunguko ya chaji. (Mzunguko mmoja ni matumizi yanayojumlika kuwa asilimia 100: leo ukitumia 60 na kesho 40, huo ni mmoja.) Kwenye kibao hicho pia kuna chipu yenye utambulisho wake, na simu inaukumbuka utambulisho wa betri iliyotoka nayo kiwandani. Betri nyingine ikiingia, simu inauliza, "Wewe ni nani?" Jibu lisipolingana, ujumbe unatokea. Utaratibu huu unahusu iPhone XS, XR na zilizofuata, na watu walianza kuugundua mwaka 2019.

Kuna jaribio moja linaloeleza jambo hili kuliko maelezo yoyote. Agosti 2019, iFixit, kampuni ya Marekani inayouza vipuri na kufundisha matengenezo, ilichukua betri halisi ya Apple kutoka iPhone moja na kuiweka kwenye nyingine. Ujumbe ukatokea vilevile. Maana yake, betri feki kabisa, betri nzuri ya kampuni nyingine, na betri halisi iliyotolewa kwenye simu ya jirani, zote tatu zilipewa onyo lilelile. Kwa hiyo mkeo ana haki ya kuwa na shaka, lakini ushahidi anaoutegemea hautoshi.

Tuje kwenye tatizo lililokupeleka kwa fundi, kwa sababu ndani yake kuna jibu la shemeji yako pia.

Betri ya lithiamu ikizeeka hupoteza vitu viwili. Cha kwanza ni ujazo, na hiyo ndiyo ile namba ya 76. Cha pili hakionekani kwenye skrini: ukinzani wa ndani unaongezeka, na umeme unatoka kwa shida. Chukua mfano wa hesabu. Tuseme betri ina volti 3.75 ikiwa imetulia kwenye asilimia 30. Ukifungua kamera, simu inavuta ghafla, tuseme ampea 3. Betri changa yenye ukinzani wa omu 0.1 itashuka kwa volti 0.3 tu, ibaki na 3.45, na simu haitashtuka. Betri chakavu yenye omu 0.3 itashuka kwa volti 0.9, ifike 2.85. Hapo simu inazima ili kujilinda, ingawa chaji bado imo. Ndiyo maana ilikuwa ikizima kwenye kamera na si ukisoma ujumbe wa WhatsApp.

Sasa angalia: baada ya kubadilisha betri, kuzima kumekoma. Huo ni ushahidi kwamba betri uliyowekewa ina ukinzani mdogo kuliko ile ya zamani. Bado hatujajua itadumu muda gani, lakini si takataka.

Shemeji yako amegusa jambo la kweli, ila amelishika upande mmoja. Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone 6, 6s, SE na 7 zenye betri zilizochoka. Sababu ya kiufundi ni hiyohiyo tuliyoipigia hesabu: prosesa ikienda polepole inavuta umeme mdogo, na simu haizimi ghafla. Kama dawa ya tatizo, haikuwa dawa mbaya. Kosa lilikuwa kuwaficha wateja. Mtu aliona simu imekuwa nzito, akaamini imezeeka, akanunua mpya ya mamia ya dola, kumbe betri ya dola 79 ingeirudishia nguvu. Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaeleza wateja, na mwaka huohuo kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Ile namba ya afya ya betri unayoisoma leo ilizaliwa na kelele hizo, ilipoletwa na iOS 11.3 (iOS ni mfumo endeshi wa iPhone) mwaka 2018.

Kilichofuata kinaonyesha ushindani ulipo hasa. Ili kutuliza hasira za watu, Apple ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Tarehe 2 Januari 2019 mkuu wa kampuni, Tim Cook, akawaandikia wawekezaji barua ya kushusha makadirio ya mapato. Miongoni mwa sababu alizotaja ni wateja waliochangamkia betri hizo za bei nafuu. Tunapozungumzia ushindani wa simu huwa tunataja iPhone na Samsung, au Tecno na Xiaomi. Lakini mpinzani mkubwa wa simu mpya ni ile ya zamani iliyowekewa betri nzuri. Fundi wako wa Kariakoo, kwa 65,000, ameuahirisha ununuzi wa simu nzima. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini kampuni ina maslahi katika kuamua nani anabadilisha betri, kwa kipuri gani na kwa bei gani.

Hata hivyo lazima tuseme haki. Betri mbovu zipo sokoni, tena nyingi, na lithiamu haina mzaha: betri yenye kibao kisicho na ulinzi wa kweli inaweza kuvimba au kuwaka. Kumwambia mwenye simu kwamba kipuri hakijulikani ni jambo jema, na humsaidia sana anayenunua iPhone iliyotumika. Lililo baya, kwa maoni yangu, ni lile lililoambatana na ujumbe huo kwa miaka mingi: simu ilikuwa inaificha namba ya afya ya betri. Ilikunyima kipimo chenyewe ambacho kingekuonyesha kama betri ni nzuri. Onyo linalomnyima mtu habari halimlindi, linamsukuma tu arudi kwa kampuni. Mwaka 2024, wakati sheria za haki ya matengenezo zikizidi kupita Marekani, Apple ilitangaza kwamba itaanza kuonyesha vipimo hivyo hata kwa betri za nje, pamoja na angalizo kwamba haivithibitishi. Basi hakikisha mfumo wako ni iOS 18 au zaidi, kisha uangalie tena sehemu ya Battery Health.

Sasa tuipime betri yenyewe. Tenga jioni moja.

Kwanza tazama simu kwa ubavu, ukiwa umeielekeza kwenye mwanga. Kioo kinapaswa kulala sawasawa kwenye fremu pande zote. Pitisha ukucha pembeni, usikwame popote. Kioo kikiinuka hata kidogo, au ukiona baka jeupe katikati ya skrini nyeupe, ama betri inasukuma kutoka chini au haikukaa vizuri.

Pili, chaji hadi 100 na uiache kwenye chaja nusu saa zaidi. Weka hali ya ndegeni, mwanga wa skrini nusu, kisha cheza video iliyomo ndani ya simu, si ya mtandaoni. Andika asilimia kila baada ya saa moja. Apple inasema iPhone 11 mpya hucheza video hadi saa 17, yaani karibu asilimia 6 kwa saa. Betri nzuri ya nje ikishuka 6 hadi 8, umepata haki yako. Ikishuka 12 au zaidi, ujazo wake ni wa kwenye karatasi tu. Angalia pia mwenendo wa namba. Ikiganda kwenye 40 dakika nyingi halafu iporomoke hadi 15 kwa mkupuo, kibao kinadanganya kuhusu ujazo wa betri. Wakati mwingine kuimaliza chaji hadi simu izime yenyewe, kisha kuichaji mfululizo hadi 100, huweka hesabu sawa. Fanya hivyo mara moja au mbili, usifanye mazoea, maana kuimaliza chaji kabisa kunaichosha betri.

Tatu, kama una kompyuta, unganisha simu kwa waya na ufungue programu ya 3uTools kwenye Windows au coconutBattery kwenye Mac. Tafuta ujazo na idadi ya mizunguko. Betri ya kiwandani ya iPhone 11 ni mAh 3110. Betri mpya inapaswa kuwa na mizunguko sifuri au michache sana. Ukikuta 180, umewekewa betri iliyotolewa kwenye simu nyingine. Usiziamini namba hizo peke yake, kwa sababu kuna vifaa vya kuziandika upya. Zilinganishe na lile jaribio la video, ambalo halina wa kulichezea. Ukikuta betri ya simu hii imeandikwa mAh 3500, inawezekana, kwani seli za msongamano mkubwa zipo. Ikiandikwa 4500 katika nafasi ileile, huo ni wino tu.

Nne ni joto. Vuguvugu wakati wa kuchaji ni kawaida. Simu ikiwa ya moto kiasi cha kukushinda kuishika, na hauko juani wala huchezi gemu, hiyo si kawaida.

Ikifaulu yote hayo, iache hapo hapo. Kwenye simu yako ujumbe huu hauipunguzii simu kasi, hauzimi kamera wala Face ID, na baada ya siku za mwanzo hujificha ndani ya Settings. Ikishindwa, mrudie fundi wa kwanza mapema, ukiwa na namba ulizoziandika. Fundi anayetegemea wateja wa kudumu akiona "saa ya kwanza asilimia 14, ya pili 15" hubadilisha, maana anajua na yeye kauziwa mzigo mbovu na aliyemletea. Omba risiti iliyoandikwa aina ya betri na muda wa dhamana. Kama alikuuzia kwa neno la "ni og kabisa" (yaani halisi) na kwa bei ya og, una madai. Kama alikwambia wazi ni kopi nzuri, alikuuzia alichokitaja.

Tuje kwa yule wa 40,000. Anachotaka kufanya kwa kawaida ni kukikata kibao cha betri yako ya zamani na kukichomelea kwenye seli mpya, kisha kwa kifaa maalumu afute hesabu ya mizunguko ili afya isome 100. Ndiyo maana atakuuliza kama betri ya zamani bado unayo. Kazi hiyo ikifanywa kwa mashine ya kuchomelea kwa nukta, moto wake ni wa kufumba na kufumbua na seli haiumii. Ikifanywa kwa pasi ya kawaida ya risasi, kichupo cha seli kinapikwa, na madhara unaweza kuyaona baada ya miezi kwa umbo la uvimbe. Kwa hiyo utalipa 40,000, simu ifunguliwe mara ya pili, seli ihatarishwe, na utakachopata ni ukimya wa skrini. Chaji haitaongezeka hata dakika moja. Tena siku ukiiuza, mnunuzi atasoma 100 na kuamini jambo lisilo kweli. Mimi nisingelipa.

Njia ya kituo kilichoidhinishwa na Apple ipo. Betri itakuwa ya kampuni, itaandikishwa, na ujumbe utaondoka. Apple haina duka lake lenyewe Afrika Mashariki, kwa hiyo vituo hivi ni vya makampuni mengine yenye kibali, na kila kimoja hupanga bei yake. Kwa kulinganisha, bei ya Apple Marekani kwa simu yako ilikuwa dola 69, ikapandishwa hadi 89 Machi 2023. Uliza kabla ya kwenda, na uliza kama betri ipo au inaagizwa, maana unaweza kukaa wiki kadhaa bila simu. Kwa simu ya mwaka 2019 ambayo imeshapata betri inayofanya kazi, sioni sababu ya gharama hiyo sasa hivi. Ningeifikiria kama majaribio ya hapo juu yangeshindwa na fundi akakukatalia.

Kuhusu kuhamia Android: hama kama unataka simu ya Android, usihame kwa sababu ya ujumbe huu. Ni kweli simu nyingi za Android hazitakuonya ukiwekewa betri ya nje. Lakini ina maana pia kwamba ukiwekewa feki hutajua, wala anayekuuzia simu iliyofunguliwa mara tano hatajulikana. Na kampuni za huko si malaika. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza faini Apple euro milioni 10 na Samsung milioni 5, zote kwa kusukuma masasisho yaliyozidhoofisha simu za zamani.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tazama vipuri na masasisho. Kwa vipuri, Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, zina faida ya vituo vya matengenezo vya Carlcare katika nchi zetu, na hiyo si faida ndogo kwa mtu wa kawaida. Kwa masasisho, simu nyingi za bei ya chini zimekuwa zikiachwa mapema, ilhali iPhone 11 yako ya mwaka 2019 ilipata hata iOS 26 ya mwaka 2025. Samsung imejirekebisha sana: Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri, imeahidiwa miaka 6. Ukiuza simu yako leo, utashushiwa bei kwa sababu ya ujumbe huohuo unaoukimbia, kisha utaongeza hela juu. Itumie hadi ichoke.

Sheria za wenzetu zinaanza kusogea upande wako. Oregon, huko Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza kampuni kutumia uandikishaji wa vipuri kuzuia au kudhoofisha matengenezo, kwa vifaa vya kuanzia 2025. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unadai simu mpya ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri vipatikane miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. iPhone 11 haimo humo. Lakini simu haitengenezwi kwa ajili ya soko moja tu, na zile zitakazofika Kariakoo zikiwa zimetumika miaka mitano ijayo zitakuwa zimezaliwa chini ya masharti hayo. Kwa hiyo ukinunua simu nyingine baadaye, angalia mwaka wake kabla ya kuangalia rangi yake.

Mambo mawili ya kuchukua tahadhari leo hii. Simu yako ilitoka kiwandani ikivumilia maji ya mita 2 kwa nusu saa, kwa msaada wa gundi inayozunguka kioo. Fundi alipofungua, gundi hiyo ilikatika. Kama hakuweka mpya, na wengi hawaweki, ihesabu kuwa simu isiyoweza maji: usiioshe, usiingie nayo bafuni, usiipeleke ufukweni bila mfuko.

La pili ni la kutosubiri hata siku moja. Kioo kikianza kuinuka, au ukisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au simu ikapata moto ikiwa imezimwa, chomoa chaja na uizime. Usiibonyeze kioo kirudi, usiitoboe, usiiweke kwenye friji. Iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na godoro na mapazia, kisha uipeleke kwa fundi mwenye zana siku hiyohiyo, na umwambie kabla hajaifungua kwamba betri imevimba. Na kama simu itaanza tena kuzima kwenye asilimia 30 wakati jaribio la video limefaulu, usikimbilie kununua betri ya tatu. Hapo mpelekee anayejua kupima ubao mkuu kwa mita, kwa sababu tatizo linaweza kuwa kwenye njia ya umeme ya simu na si kwenye betri.